Mvi na rangi ya zambarau: je, nywele nyeupe zinahitaji blichi kabla ya kupakwa rangi kali nyumbani?

Mwalimu Mstaafu

Habari zenu. Nina umri wa miaka 59, na mvi zilinianza nikiwa na miaka 31. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilizificha kwa rangi nyeusi ya pakiti, kila baada ya wiki tatu au nne, hadi nilipochoka kuuvizia ule mstari mweupe unaochungulia mizizini kila nijitazamapo kwenye kioo. Nikaiacha rangi, nikakata nywele zikawa fupi, nikaziacha ziote zitakavyo. Leo nina kichwa chenye sehemu tatu: mbele na kwenye panja ni nyeupe pe, ingawa nyeupe hiyo ina umanjano kidogo, utosini nyeupe na nyeusi zimechanganyika nusu kwa nusu, na kisogoni nyeusi ndizo zinazotawala bado. Nywele zangu ni za kipilipili na hazina dawa ya kulainisha.

Sasa nimeingiwa na hamu ambayo wanangu wanaicheka. Sitaki tena kuzificha mvi, bali nataka kuzipaka zambarau iliyokolea, ile ambayo mtu akiiona kwa mbali hataidhania kuwa ni kivuli tu, na pengine siku za mbele niijaribu feruzi. Nilinunua rangi ya kopo, ya aina isiyochanganywa na kitu kingine chochote, nikaosha nywele, nikatia kondishona kama ilivyo kawaida yangu, kisha nikapaka rangi nywele zikiwa bado zimelowa na kuiacha kwa dakika ishirini kama maelezo yalivyoagiza. Nilipoisuuza, nywele za mbele zilikuwa na rangi hafifu kama maji yaliyooshewa kalamu ya wino, na baada ya kuosha mara tatu hakikubaki kitu. Paji la uso, ambalo sikulikusudia hata kidogo, lilibaki zambarau kwa siku mbili.

Rafiki yangu anashikilia kwamba hata nywele nyeupe ni lazima zitiwe blichi kwanza. Nilifundisha kemia kwa miaka mingi, na maelezo hayo hayaniingii akilini, kwa kuwa kazi ya blichi ni kuivunja melanini, yaani kile kinachoupa unywele rangi yake ya asili, na unywele mweupe hauna melanini ya kuvunjwa. Kosa langu liko wapi basi? Kisogoni nifanyeje bila kuziunguza nywele kwa blichi? Tena ningependa kujua kama jambo hili ni salama kwangu, kwa sababu katika miaka ya mwisho ya kutumia rangi nyeusi nilikuwa nikiwashwa nyuma ya masikio kwa siku mbili tatu kila baada ya kupaka.

Fundi wa Saluni

Shikamoo mwalimu. Nimeshika vichwa vya watu kwa miaka kumi na saba, na wenye mvi wanaotaka rangi kali ndio wateja ninaowapenda kuliko wote, kwa sababu wameshapewa bure kile ambacho vijana wanakitafuta kwa blichi na machozi.

Hoja yako ya kemia ni sahihi. Rafiki yako amekosea sababu, ingawa hakukosea alichokiona kwa macho yake. Ni kweli kwamba nywele zilizotiwa blichi hushika rangi haraka na kwa nguvu kuliko mvi, lakini hazishiki kwa sababu ya weupe wake. Blichi hufanya mambo mawili kwa pamoja: huiondoa melanini, na njiani huyafumua magamba ya nje ya unywele na kuuacha ukiwa na matundu kama sifongo. Watu huliona lile la kwanza, wakalisahau la pili. Mvi imefika kwenye weupe kwa njia nyingine kabisa, kwa kuwa chembe zinazotengeneza melanini ndani ya kinyweleo zimeacha kazi, na unywele umeota bila rangi huku magamba yake yakiwa mazima, yamelaliana kama vigae vya paa jipya. Ukiimwaga rangi juu yake, huteleza kama maji juu ya jani la mgomba.

Hapo ndipo aina ya rangi inapokuwa na uzito. Rangi nyeusi uliyokuwa ukiitumia zamani huchanganywa na peroksaidi. Molekuli zake huingia zikiwa ndogo na hazina rangi, amonia au kemikali ya jamii yake ikiwa imekwisha kuyainua magamba, kisha peroksaidi huziunganisha humo humo ndani mpaka zinakuwa kubwa na zenye rangi, zikashindwa kutoka katika mlango zilioingilia. Rangi ya kopo uliyoinunua ni ya moja kwa moja: molekuli zake zimekwisha kuwa na rangi tangu kiwandani, ni kubwa kiasi, na hakuna mabadiliko yoyote ya kikemia yanayotokea kichwani mwako. Hujishikiza juu ya magamba na katikati yake tu, na kila unapoosha, baadhi yake huachia. Karibu rangi zote kali za zambarau, bluu, kijani na waridi zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani ni za aina hii, nami nakushauri ubaki nazo, kwa ajili ya nywele zako na kwa ajili ya ule muwasho ulioutaja, ambao naomba mwenye ujuzi wa ngozi auzungumzie kwa kirefu.

Sasa makosa. Ulitia kondishona kabla ya rangi, na kondishona ni utando laini unaoyafunga magamba yale yale uliyotaka yafunguke. Ulipaka nywele zikiwa zimelowa, ilhali unywele uliokwisha kushiba maji hauna nafasi ya kunywa kingine, na maji hayo huizimua rangi yenyewe. Halafu ukahesabu dakika ishirini, muda ambao kwa kawaida huandikwa kwa kufikiria nywele zilizotiwa blichi. Kila moja ya hatua hizo ingetosha kukupunguzia rangi, nawe ulizifanya zote tatu kwa siku moja.

Safari ijayo osha kwa shampuu ya kusafisha kwa kina, ile inayotoa mafuta na mabaki ya vipodozi, mara mbili mfululizo, kisha usitie kitu chochote. Ziache nywele zikauke kabisa, au zikaushe kwa hewa ya uvuguvugu. Paka vaselini kwenye paji la uso, kwenye masikio na shingoni, lakini iwe mbali na nywele zenyewe, kwa sababu rangi haipiti penye vaselini, na ukiisogeza mno utapata ukingo mweupe kuzunguka uso. Vaa glavu na utumie bakuli la plastiki au la kioo. Anza na panja na mbele, kwa kuwa huko ndiko kwenye ubishi mkubwa na kunahitaji muda mrefu zaidi. Gawa nywele katika mafungu yasiyozidi upana wa brashi yako, kisha, kwa kuwa nywele zako ni za kipilipili, usitegemee brashi peke yake. Msokoto wa unywele huficha upande wa ndani, nawe unaweza kuona fungu lote limeloa rangi kumbe katikati ni pakavu. Likande fungu kwa vidole kuanzia shinani hadi nchani mpaka usikie limekuwa zito na linateleza, na likibaki na sauti ya kukwaruza kidogo kati ya vidole, rangi haijatosha. Nywele za namna hii hunywa rangi nyingi kuliko za singa zenye urefu ule ule, kwa hiyo usinunue kwa kukadiria kichwa cha mwingine.

Funika kwa kofia ya plastiki ili rangi isikauke, maana ikishakauka haiingii tena. Kaa saa moja, au hata saa moja na nusu. Kwa rangi isiyo na peroksaidi wala amonia, muda mrefu hauunguzi nywele, mradi ngozi yako iwe imekubali jaribio na maelezo ya kopo hayakatazi. Ukiwa na kikausha nywele, pasha juu ya kofia kwa joto la wastani. Mwishoni suuza kwa maji ya baridi mpaka yapungue rangi, wala usingoje yawe meupe kabisa, kwani utangoja mpaka jioni.

Kuhusu kisogo, rangi ya moja kwa moja haiwezi kuuangaza unywele mweusi hata kidogo. Kupaka zambarau juu ya nyeusi ni sawa na kuandika kwa penseli kwenye ubao. Ungekuwa mbele yangu ningekushauri uiache nyeusi kama ilivyo. Utosini, kila unywele mweupe utageuka zambarau na kila mweusi utabaki ulivyo, na mchanganyiko huo huonekana na kina ambacho kichwa cha rangi moja tupu hakikipati. Nimeona watu wakilipia saa nne za kazi ili wapate kwa kutengenezewa kile kilichokwisha kukuotea.

Samawati

Shikamoo mama. Fundi amemaliza mengi, nami nitazungumzia ule umanjano uliouandika kama jambo la pembeni, kwa sababu mimi ndio ulioniponza.

Mvi zangu ni za mapema, nilizirithi kwa baba, na nilipofika miaka 40 nilikuwa na nyeupe ya kutosha kutamani bluu ya bahari. Niliosha vizuri, nikakausha, nikakaa na rangi saa nzima, nikafanya kila kitu kama kinavyopaswa kufanywa. Nilipofungua kofia, kichwa cha nyuma kilikuwa bluu nzuri sana, na mbele, kuanzia kwenye paji hadi juu ya masikio, kilikuwa kijani. Si kijani cha jani changa, bali kile cha maji yaliyotuama kwenye pipa. Nilidhani nimeuziwa rangi mbovu na nikamwandikia muuzaji barua ya hasira, ambayo baadaye niliionea aibu.

Rangi haikuwa na kosa. Mvi za mbele huwa zinapigwa na jua na joto la vyombo vya kunyooshea kuliko za nyuma, na hugeuka manjano bila mwenyewe kutambua, kwa sababu tunajiona kila siku. Moshi wa tumbaku hufanya hivyo hivyo, na pia madini yaliyomo katika maji ya baadhi ya mahali, hasa yenye chuma. Bluu juu ya manjano ni kijani, kama tulivyojifunza kwa rangi za maji utotoni. Waridi juu ya manjano huelekea kwenye rangi ya chungwa, na feruzi unayoiwazia, ambayo tayari ina kijani ndani yake, itapotea zaidi.

Kwa hiyo kabla ya feruzi, tumia shampuu ya zambarau kwa majuma mawili au matatu. Zambarau na manjano hukabiliana kwenye duara la rangi na kufutana, na ndiyo sababu shampuu hiyo huufanya weupe uonekane safi. Hilo si jambo jipya, kwa kuwa wanawake wazee wa Uingereza na Marekani walikuwa wakisuuza mvi kwa maji yenye rangi ya bluu katika karne iliyopita kwa kusudi hilo hilo la kuondoa umanjano, na waliozidisha kipimo walitoka na vichwa vya samawati, wengine kwa makusudi kabisa. Kwa zambarau yako iliyokolea umanjano mdogo hautakudhuru sana, isipokuwa rangi itatulia kidogo badala ya kuwaka. Jipime hivi: shika karatasi nyeupe kabisa kando ya panja zako dirishani mchana, si chini ya taa. Mimi nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza nilishangaa, maana nywele nilizoziita nyeupe zilikuwa na rangi ya siagi.

Neno moja la mwisho kuhusu mpangilio. Anza na zambarau, wala usianze na bluu au feruzi. Bluu na kijani ndizo ngumu kuliko zote kutoka pale unapozichoka, na kuna wanaokimbilia blichi ili kuziondoa, wakaishia na kijani sugu kuliko cha mwanzo.

Muuguzi wa Ngozi

Mwalimu, shikamoo. Nimefanya kazi katika kliniki ya ngozi, na sentensi yako ya mwisho kuhusu kuwashwa nyuma ya masikio ndiyo ingepaswa kuwa ya kwanza.

Rangi nyingi nyeusi za kuchanganywa na peroksaidi zina kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kwenye pakiti na vitabuni hufupishwa PPD, au jamaa yake wa karibu. Ni miongoni mwa visababishi vikuu vya mzio wa ngozi unaotokana na rangi za nywele. Mzio huo haujitokezi papo hapo. Mara nyingi huja baada ya siku moja hadi tatu, na hupenda kuonekana kwenye masikio, nyuma ya shingo, kwenye ukingo wa nywele na kwenye kope za macho, kuliko utosini kwenyewe. Maelezo yako yanafanana na hayo. Mtu anaweza kuitumia rangi ile ile kwa miaka mingi bila tatizo, kisha mwili ukaikataa, na mwili ukishaikataa huwa hausahau. Kila mara inayofuata inaweza kuwa kali kuliko iliyotangulia, mpaka uso mzima ukavimba. Hilo hutokea pia kwa waliochorwa mwilini kwa ile inayoitwa hina nyeusi, kwa sababu weusi wake mara nyingi hutokana na kemikali hiyo hiyo, si na mmea.

Kwa hiyo usirudi kwenye rangi ya kuchanganywa kabla ya daktari wa ngozi kukupima, hata kama pakiti imeandikwa kwamba haina amonia, kwani amonia siyo tunayoizungumzia hapa. Rangi kali za moja kwa moja mara nyingi hazina PPD, lakini soma orodha ya viambato mwenyewe wala usiridhike na maandishi makubwa ya mbele. Kisha fanya jaribio: paka kiasi kidogo nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko, uache kwa saa 48, na usiposikia muwasho, wekundu wala malengelenge, ndipo uendelee. Jaribio hilo lirudiwe kila unapobadilisha rangi, kwa kuwa zambarau na feruzi hata za kiwanda kimoja hazina viambato vilevile. Nawaona wengi wanalifanya kwa dakika kumi huku wameshavaa glavu tayari kuanza kazi. Dakika kumi haziwezi kuonyesha kitu kinachochukua siku mbili kujitokeza.

Wala usishawishike kuzilinganisha nyusi na nywele. Rangi za kichwani hazipakwi kwenye nyusi wala kope kwa hali yoyote. Mwaka 1933 nchini Marekani kulikuwa na bidhaa ya kutia kope weusi iliyokuwa na PPD, nayo ilileta upofu na hata kifo, na ni kati ya visa vilivyosukuma kupitishwa kwa sheria ya vyakula, dawa na vipodozi ya mwaka 1938 nchini humo.

Mzee Ndevu

Salaam. Mimi hupaka ndevu, si kichwa, na ndevu nyeupe ni ngumu kuliko nywele. Niligundua kwamba nikizipaka kwanza peroksaidi ya asilimia 6 kwa robo saa, nikasuuza na kukausha, rangi ya moja kwa moja inashika vizuri zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Kwa nini Fundi hajamweleza mwalimu njia hii? Na hina je? Kwenye mvi hina hutoa rangi ya chungwa inayowaka, tena haiondoki.

Fundi wa Saluni

Mzee, sikuisahau, niliiacha kwa makusudi. Saluni huifanya kazi hiyo na inasaidia, kwa sababu peroksaidi huyalegeza magamba. Lakini mwalimu ana ngozi yenye historia, na utosini nyeusi zimechanganyika na nyeupe. Peroksaidi ya 6% itazigusa zile nyeusi pia, na baada ya kurudia mara kadhaa zitaanza kuwa na wekundu wa kutu ambao hakuuomba. Mtu mwenye mvi tupu na ngozi tulivu anaweza kujaribu ya 3% kwa dakika kumi, kwenye nywele tu, mbali na ngozi, baada ya kuona kwanza kama shampuu ya kusafisha na muda mrefu havijatosha. Mara nyingi hutosha. Pia isichukuliwe kuwa ni sawa na kuimimina peroksaidi ndani ya kopo la rangi ya moja kwa moja, kwani huko ni kuiharibu rangi yenyewe.

Hina safi ni kitu kizuri, na umesema kweli kwamba haiondoki. Hilo ndilo linalonifanya nisite, kwa mtu anayetaka zambarau leo na feruzi kesho. Tena unga unaouzwa kwa jina la hina wakati mwingine huwa umetiwa chumvi za metali, na nywele zilizopakwa unga wa namna hiyo zikikutana na peroksaidi siku ya baadaye, zinaweza kupata moto mkononi na kukatika. Ukiwa na ndevu zenye hina usiyoijua, Mzee, acha kwanza hiyo peroksaidi yako.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba wanangu, na asanteni. Nimekaa kimya kwa karibu mwezi kwa sababu nilitaka kurudi na majibu ya vitendo.

Nilikwenda kwanza kwa daktari wa ngozi. Vipimo vya kubandika viambato kwenye ngozi ya mgongo vimethibitisha kwamba PPD hainifai tena maishani, jambo ambalo kwa mwalimu wa kemia lina uchungu wa aina yake, kwani nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi jinsi William Henry Perkin, akiwa kijana wa miaka 18, alivyokuwa akitafuta kwinini mwaka 1856 akaambulia rangi ya zambarau, na kutoka katika ukoo huo wa kemikali za lami ya makaa ya mawe zikaja rangi nyingi nyingine, ikiwamo hiyo iliyokuwa ikiniwasha. Rangi ya kopo niliipima nyuma ya sikio kwa saa 48, na ngozi ikanyamaza.

Kisha, badala ya kupaka kichwa kizima, nilichukua mafungu matatu madogo ya nywele nyeupe juu ya sikio la kushoto, kila moja nikilibana kwa kibanio chake, nikaliacha la kwanza kwa dakika 30, la pili kwa 60 na la tatu kwa 90. La kwanza lilitoka na rangi ya ua lililonyauka. La pili lilikuwa zambarau isiyo na shaka. La tatu lilizidi la pili kwa kiasi ambacho nililazimika kwenda dirishani ili kukiona. Nikaamua saa moja na robo.

Kupaka kulinichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ya ule ukandaji wa vidole. Fundi, ile sauti ya kukwaruza uliyoiandika niliisikia kweli, hasa nyuma ya panja la kulia, nikarudia fungu hilo mara mbili. Matokeo ni kwamba mbele pamekolea kama bilinganya, utosini pana ile hali ya nyuzi mbili zilizofumwa pamoja, na kisogo kimebaki cheusi. Mjukuu wangu aliniangalia kwa muda, kisha akauliza kama na yeye akizeeka zitaota hivi.

Lawama yangu ni moja tu, nayo ni kwamba hakuna aliyeniambia kuhusu foronya. Usiku wa kwanza nililala nywele zikiwa na unyevu, na asubuhi mto wangu ulikuwa na ramani. Pia sasa, baada ya kuosha mara nne, panja zimeanza kupauka huku mbele na utosini kukiwa bado kumekolea. Je, nipake upya kichwa kizima?

Samawati

Foronya ni kosa langu, mama, nisamehe. Lalia kitambaa cheusi kwa juma la kwanza, kausha nywele kabisa kabla ya kulala, na uwe na taulo moja la rangi iliyokoza ambalo halitakuuma likiharibika. Jasho nalo huchuja rangi, kwa hiyo kola nyeupe zisubiri. Beseni jeupe lifutwe mara moja, kabla tone halijakauka.

Fundi wa Saluni

Hongera sana mwalimu. Usipake kichwa kizima. Panja hupauka upesi kwa sababu nywele za hapo ni nyembamba, tena ndipo unapogusa maji kila unaponawa uso. Chukua kijiko kimoja cha rangi, ukichanganye na vijiko vitatu vinne vya kondishona nyeupe isiyo na rangi yake yenyewe, na kila unapoosha ukipake kwenye panja tu kwa dakika kumi na tano kabla ya kusuuza. Mchanganyiko ubaki na rangi nzito kidogo kuliko unayoitaka kichwani. Osha mara moja kwa juma kama ngozi inaruhusu, kwa maji ya baridi na shampuu isiyo na salfeti, na ile shampuu ya kusafisha kwa kina iweke kabatini mpaka siku ya kupaka upya. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo baada ya wiki sita hivi mizizi nayo itakuwa imejaa nyeupe mpya. Siku hiyo anza na mizizi, iache nusu saa, ndipo ushushe rangi hadi nchani kwa muda uliobaki, la sivyo ncha zitakolea kuliko shina.

Mwalimu Mstaafu

Vijiko vitatu au vinne?

Fundi wa Saluni

Vitatu kwa panja, mwalimu. Vinne siku utakayohamia feruzi, na hiyo usiiguse kabla hujarudi dirishani na ile karatasi nyeupe.